Kadi Mbili na Korongo wa Kwanza

Kituo cha Sivi Kamak, 3 Machi 2000

Ndugu Velizar Penkov,

Hunijui. Jina lako na anwani yako ya Ruse nimevikuta juu kabisa ya faili moja ndani ya kompyuta yetu, faili la kiendeshi cha kadi ya mtandao. Kama nimeelewa vizuri, kiendeshi ni ile programu inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia kadi. Faili linasema uliliandika mwaka 1996. Sijui kama bado unakaa hapo.

Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa. Nina miaka ishirini na miwili hapa juu, na mwenzangu, Mzee Stamen, ana thelathini na mmoja. Tunapima saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, na vipimo vya kituo hiki havijakatika hata siku moja tangu mwaka 1934. Mwezi uliopita ofisi kuu ilituletea kompyuta yenye kadi mbili za mtandao. Moja inapokea vipimo kutoka kwenye sanduku la vyombo uani, ya pili inavipeleka kwenye mnara wa redio ili vifike Sofia. Kituo ambacho vipimo vyake havitakuwa vimefika kwa njia hiyo kufikia tarehe 30 Aprili kitafungwa. Ndivyo barua yao inavyosema, kwa mstari mmoja.

Fundi aliyeileta alifunga waya, akanywa chai, akashuka kabla theluji haijamzuia. Kadi moja inafanya kazi. Ya pili taa yake inawaka, lakini hakuna kinachopita. Kwa macho zinafanana kabisa, hata maandishi juu yake hayatofautiani herufi moja.

Hapa hakuna simu, na redio yetu inazungumza na ofisi kuu peke yake. Mzee Stamen anashuka posta kijijini Jumanne na Ijumaa. Nilipomwambia nakuandikia, alisema: "Mtu anayeandika anwani yake mahali ambapo hakuna anayesoma, ama ni mpweke ama ni mwendawazimu." Nimemjibu kwamba mimi nimesoma.

Wako kwa heshima,
Dafina Karadzhova


Ruse, 9 Machi 2000

Bi Dafina,

Bado nakaa hapa. Anwani ile niliiandika nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa majivuno, na kwa miaka minne yote wewe ni mtu wa kwanza kuitumia. Mama alidhani ni barua ya mahakama.

Nikueleze kinachotokea, ili tufanye kazi pamoja. Kompyuta ikiwashwa, mfumo hupita tundu kwa tundu, pale kadi zinapochomekwa, na kuuliza: wewe ni nani? Kila kadi hujibu kwa nambari mbili, ya kiwanda chake na ya aina yake. Kisha mfumo huwauliza viendeshi: nani anaijua nambari hii? Changu kinasema, "Hiyo ni yangu," na kinakabidhiwa kadi. Kuanzia hapo kinafuata jedwali nililokiandikia: kadi ya nambari hii iamshe hivi, isubiri muda huu, ndipo uanze kuzungumza nayo. Kadi zako mbili zinajibu nambari moja, kwa hiyo kiendeshi kinazilea kama pacha.

Huenda ni waya. Huenda ni tundu. Kiendeshi chenyewe nilikirekebisha Oktoba na sijui tatizo lolote ndani yake.

Nakuomba mambo matatu. Kwanza, badilisha nafasi za kadi uone kama ugonjwa unabaki kwenye tundu au unamfuata mgonjwa. Pili, zitie alama kwa kitu kitakachoonekana nyuma ya kompyuta bila kuifungua. Tatu, kwenye disketi hii kuna kiendeshi kinachosubiri muda mrefu zaidi baada ya kuiamsha kadi. Maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, hatua kwa hatua.

Velizar Penkov


Sivi Kamak, 17 Machi 2000

Ndugu Velizar,

Barua na disketi vimefika Jumanne tarehe 14. Matokeo, kwa utaratibu:

Nilibadilisha nafasi za kadi. Ugonjwa ulimfuata mgonjwa. Nilibadilisha na waya. Vilevile. Kwa hiyo si tundu wala waya.

Kuhusu alama: kalamu haishiki kwenye chuma, na utepe wa gundi unabanduka kwa baridi. Nimeifumua martenitsa yangu, ile ya nyuzi mbili tunayovaa mkononi kila Machi. Uzi mwekundu nimeufunga kwenye kadi mgonjwa, mweupe kwenye nzima, zinaning'inia nyuma ya kompyuta kama masharubu. Kuanzia sasa nitaziita Nyekundu na Nyeupe.

Disketi yako: Nyekundu imepona mara moja. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi, kisha nikaona Nyeupe imekufa. Nimerudisha kiendeshi cha zamani, Nyeupe imefufuka na Nyekundu imekufa. Nimerudia mara nne, mara mbili kompyuta ikiwa baridi na mara mbili ikiwa imepata moto. Matokeo hayakubadilika.

Mzee Stamen alisimama mlangoni akitazama. "Hao ni mume na mke," akasema. "Mmoja akiamka, mwingine analala." Kisha akaenda kupima theluji. Sentimita 84.

Dafina Karadzhova


Ruse, 22 Machi 2000

Bi Dafina,

Laiti kila anayeniletea tatizo angerudia jaribio mara nne.

Mzee Stamen amekaribia ukweli kuliko anavyojua. Ndani ya kila kadi kuna chipu ndogo inayozungumza na waya. Nadhani kiwanda kilibadilisha chipu hiyo katikati ya njia, labda ile ya kwanza iliwaishia, lakini hawakubadilisha nambari ya kadi. Nje ni jina lilelile, ndani ni watu wawili. Mmoja anahitaji kusubiriwa baada ya kuamshwa. Mwingine, ukimkawiza, anasinzia tena.

Dawa ni kwamba kiendeshi kisiishie kwenye jina la nje. Kiiulize na chipu ya ndani, nayo ina nambari yake. Disketi hii ina programu ndogo ya kuiuliza. Weka kadi moja tu kwenye kompyuta, iendeshe, andika nambari ya mwisho inayotokea. Kisha fanya hivyo kwa kadi ya pili. Niambie Nyekundu inajibu nini na Nyeupe inajibu nini. Hapo nitakuandikia kiendeshi kinachozitofautisha, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Usijali kuhusu Aprili. Tuna muda.

Velizar


Sivi Kamak, 31 Machi 2000

Ndugu Velizar,

Disketi ilifika Jumanne. Nimesoma nambari juzi, Jumatano tarehe 29, kuanzia saa tatu asubuhi, kila kadi mara tatu.

Nyekundu: 7.
Nyeupe: 4.

Habari za huku: theluji imeshuka hadi sentimita 40, na Jumapili tumemwona korongo wa kwanza. Mplamu ulio nyuma ya nyumba, upande wa ukuta unaopata jua, umetoa maua kabla ya wakati. Mzee Stamen amekuwa mpole ajabu wiki hii. Ananichotea maji bila kuombwa. Nadhani anaogopa kituo kufungwa, ingawa hatasema. Anakwenda miaka sitini na mitatu, na huko bondeni hana mtu. Mimi nina dada Smolyan, angenipa chumba. Yeye angepewa nini?

Dafina Karadzhova


Ruse, 5 Aprili 2000

Dada Dafina (niruhusu),

Disketi hii ndiyo ya mwisho. Kiendeshi sasa kinaiuliza chipu ya ndani. Ikijibu 7, kinasubiri. Ikijibu 4, kinaharakisha. Hakuna tena kulea pacha ambao si pacha. Nimekipitia mara mbili.

Msalimie Mzee Stamen. Mwambie asianze kufunga mizigo.

Velizar


Sivi Kamak, 14 Aprili 2000

Ndugu Velizar,

Nimeweka disketi yako Jumanne tarehe 11, saa kumi jioni. Zimekufa zote mbili.

Nimejaribu tena Jumatano na Alhamisi, baridi na moto, pamoja na mojamoja. Zote mbili taa zinawaka na hakuna kinachopita. Nimerudisha kiendeshi cha kwanza kabisa na mambo yamerudi kama yalivyokuwa tarehe 3 Machi: moja nzima, moja mgonjwa. Siku arobaini na mbili, na tumesimama palepale.

Ofisi kuu imetangaza kwenye redio kwamba gari la kuchukua vyombo limepangwa tarehe 5 Mei. Mzee Stamen aliisikia taarifa hiyo, akazima redio, akatoka uani bila kofia.

Sikulaumu. Nakuuliza tu, kwa sababu wewe ndiye uliyekiandika: je, kuna kitu unachokijua na hujaniambia?

Dafina Karadzhova


Ruse, 18 Aprili 2000

Dada Dafina,

Kipo.

Mwaka 1996 jedwali langu lilikuwa na mistari miwili ya kadi hii. Oktoba iliyopita nilipokuwa nasafisha faili niliiona ile mistari miwili, nambari ileile, nikadhani ni marudio ya kijinga ya kijana wa miaka ishirini na minne. Nikafuta mmoja. Yule kijana alikuwa na sababu, lakini hakuiandika, na mimi sikumkumbuka. Niliposoma barua yako ya kwanza moyo uliniambia. Badala ya kukubali nikakutuma ukaangalie waya.

Na kuna la pili. Sina kadi hata moja ya aina hii. Ya mwisho niliitoa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Kila kitu nilichokuandikia nimekiandika kwa kutazama kupitia macho yako.

Kwa hiyo sasa sielewi. Matokeo yako ya Machi na ya Aprili yanapingana, kama vile kati yake kadi zimebadilishana roho. Kadi haziwezi kufanya hivyo. Ama nimekosea mimi mahali nisipopaona, ama kuna kitu kilitokea huko juu. Naona kwenye barua zako kwamba unaandika kila kitu kwa tarehe. Nitumie kila ulichoandika kuanzia tarehe 14 Machi hadi 29, hata kile unachodhani hakihusiki.

Nisamehe kwa waya.

Velizar


TELEGRAMU
Kijijini, 22 Aprili 2000, saa nne na nusu asubuhi

PENKOV RUSE. GEUZA. NNE ISUBIRI SABA IHARAKISHE. KOSA NI LANGU SI LAKE WALA LAKO. BARUA YAKE INAFUATA. STAMEN


Sivi Kamak, 22 Aprili 2000

Velizar,

Barua yako imefika jana Ijumaa. Kuhusu waya nimekasirika kwa muda wa kutosha, yaani kuanzia saa nane hadi saa kumi, kisha nimefungua shajara yangu. Naandika humo kila siku tangu nikiwa sekondari, na sijawahi kumsomea mtu. Nakunakilia mistari inayohusika kama ilivyo.

"16 Machi. Nyekundu mgonjwa, Nyeupe nzima. Disketi ya Ruse inageuza. Kipimo cha saa nane: nyuzi 3 chini ya sifuri, upepo wa kaskazini."

"26 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Korongo wa kwanza, peke yake, akitoka kusini-mashariki. Imeingizwa kwenye daftari la kituo. Siku tano mapema kuliko mwaka jana. Stamen amevua martenitsa yake na kwenda kuifunga kwenye mplamu."

"28 Machi. Barua ya Ruse. Nimemsomea Stamen mezani: 'Niambie Nyekundu inajibu nini na Nyeupe inajibu nini.' Stamen hakumaliza supu ya maharage. Anasema tumbo."

Nimemfahamu mtu huyu miaka ishirini na miwili na sijawahi kumwona akiacha maharage. Asubuhi hii nilimkuta akichoma mkate. Nakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, maana sitaki kuyapunguza.

"Stamen, tarehe 26 ulifunga martenitsa ngapi kwenye mplamu?"

"Yangu."

"Na?"

"Mkate utaungua, Dafina."

"Acha uungue. Na?"

Akaweka uma chini. "Korongo amekwisha kuonekana, na wewe umeziacha zile nyuzi zinaning'inia kwenye lile dude lako. Korongo akionekana, martenitsa inavuliwa, inafungwa kwenye mti wenye maua. Ikiachwa, mwaka wote unaharibika. Kituo chenyewe kinataka kufungwa, nami niuachie mwaka uharibike? Nikazivua."

"Zote mbili?"

"Sasa ningevua moja?"

"Na tarehe 28?"

"Ukanisomea barua. Nyekundu hivi, Nyeupe vile. Nikajua zile hazikuwa martenitsa tena, zilikuwa kazi. Ulipokwenda kusoma vipimo vya saa nane nikakimbia kwenye mplamu, nikazifungua, nikazirudisha."

"Ulijuaje ipi ni ya ipi?"

Hapo mkate ukaungua kweli.

"Nilikisia," akasema. "Nilifikiri, nusu ya watu wote wanaokisia kati ya viwili hupatia. Kwa nini nisiwe mmoja wao?"

Nilimwambia, mzee mzima, miaka thelathini na mmoja unapima mvua hadi sehemu ya kumi ya milimita, na hapo ukakisia! Akasema ndiyo, na ndiyo sababu ameninyamazia mwezi mzima, kwa sababu hajawahi kukisia maishani, na mara ya kwanza tu imetosha kutufungia kituo. Kisha akavaa buti. Leo si siku yake ya posta. Amesema atatuma telegramu mwenyewe, na ameandika maneno yake mwenyewe, sijayaona. Barua hii anashuka nayo.

Kwa hiyo nambari nilizokutumia ni sahihi. Ni alama tu zilizokuwa zimehamia. Geuza. Zimebaki siku nane.

Dafina


Ruse, 24 Aprili 2000

Dada Dafina,

Telegramu ilifika Jumamosi mchana. Mama aliifungua, akaniambia kuna mzee mlimani anaungama kwangu.

Ningeweza kugeuza nambari mbili na kukutumia disketi siku ileile. Ningefanya hivyo miezi miwili iliyopita. Lakini nilikaa na barua zako zote mezani, nikaona kwamba mimi, wewe na Mzee Stamen tumefanya kosa moja. Mimi niliamini jina la nje la kadi. Wewe uliamini uzi, naye aliamini kisio lake. Hakuna kati yetu aliyeitazama kadi yenyewe inafanya nini.

Kwa hiyo kiendeshi hiki kinafanya hivi. Kinauliza nambari ya ndani na kuifuata: 4 isubiri, 7 iharakishe. Lakini hakiishii hapo. Kinatuma ujumbe mdogo na kutazama kama umepita. Usipopita, kinailaza kadi, kinajaribu njia ya pili, kinatazama tena. Ikija nambari tusiyoijua, kinafanya vivyo hivyo. Hata nikikosea tena jedwali, kadi yenyewe itakisahihisha. Na safari hii nimeandika sababu, kwa maneno, ndani ya faili.

Ukikiweka, soma mistari ya juu.

Kama hakitafanya kazi, nitapanda basi mwenyewe. Nimeshauliza saa.

Velizar


Sivi Kamak, 2 Mei 2000

Velizar,

Disketi imefika Ijumaa Kuu. Mzee Stamen aliipandisha ndani ya kofia, juu ya mayai ambayo posta walimpa kwa ajili ya Pasaka, na hakuvunja hata moja.

Niliiweka saa kumi na dakika ishirini. Nyekundu ilipita. Nyeupe ilipita. Nilizima, nikawasha. Zilipita. Mzee Stamen aliniambia nirudie, nikarudia mara nne, na kila mara alihesabu kwa sauti kama mtoto. Kipimo cha saa tatu usiku kilikwenda Sofia chenyewe. Jumamosi kilikwenda, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 30, ofisi kuu ilitupigia kwenye redio saa nne. Hawakutupongeza. Walisema tu: "Sivi Kamak, tunakupata. Gari la tarehe 5 limefutwa." Mzee Stamen alijibu kabla yangu. "Tulikuwepo siku zote," akasema, "ni nyinyi mlikuwa hamtupati." Kisha tukagonganisha mayai ya Pasaka, kuona la nani halitavunjika. Lake lilishinda, kama kila mwaka, na nina hakika sasa kwamba analichagua la bata.

Nimesoma mistari ya juu. Sikujua unafanya hivyo. Chini ya jina lako umeandika: "Tofauti ya chipu imegunduliwa na Dafina Karadzhova, Kituo cha Sivi Kamak," na anwani yetu yote, hadi nambari ya posta. Na chini yake: "Shukrani kwa S., kwa korongo." Nimemsomea. Alisema haijulikani ni S. gani, anaweza kuwa mtu yeyote. Baadaye nilimkuta peke yake mbele ya kompyuta, anaisoma tena, kidole kwenye kioo.

Nyuzi nimezivua, mimi mwenyewe, na tumezifunga kwenye mplamu pamoja.

Shajarani nimeandika: "30 Aprili. Mfululizo haukukatika."

Dafina


Sivi Kamak, 14 Novemba 2000

Velizar mpendwa,

Mzee Stamen amerudi leo na barua yenye stempu ya Ureno. Alikuwa ameishika kwa vidole viwili. "Dafina," akasema, "umefanya nini Ureno?"

Imeandikwa kwa Kifaransa, na nashukuru kwamba sekondari walitulazimisha kukisoma. Ni ya bwana mmoja, Anselmo Frazão, anayetunza visima vya kupima maji karibu na Évora. Ana kadi tatu zinazofanana herufi kwa herufi. Kiendeshi chako kinaziendesha mbili vizuri. Ya tatu inajibu nambari 9, inapita kwa siku mbili kisha inanyamaza. Anasema amekuta jina langu na anwani juu ya faili, na hajui kama bado nakaa hapo.

Hilo la 9 ni lako, nimekunakilia barua yake yote. Lakini anwani aliyoiandikia ni ya kwetu, kwa hiyo nimemjibu kwanza mimi. Nakutumia nakala uone kama nimekosea mahali.

Dafina


(Nakala)

Bwana Frazão,

Bado tunakaa hapa.

Zitie kadi zako alama, kila moja uzi wa rangi yake. Andika tarehe. Rudia kila jaribio mara nne, baridi na moto. Usiamini kilichoandikwa juu yake, wala uzi, wala mimi. Tazama kadi inafanya nini.

Na kabla ya yote, mwulize kila mtu anayeingia chumbani humo kama anamngoja ndege yeyote.

Dafina Karadzhova, mpimaji
S. Georgiev, mpimaji